Kishikio cha Mwalimu Kigen

Kitale,
4 Mei 2009

Nabwile wangu,

Sasa? Ni mimi Jepchirchir, yule wa kitanda cha juu bwenini, niliyekuwa nakuangushia soksi usoni. Ningekupigia simu, lakini ninachotaka kukuomba kinahitaji mchoro, na simu haichori.

Tuko Kitale tangu tushuke kutoka Cheptais wakati wa vita vya mlimani vya kugombea mashamba. Mimi nauza mbegu na dawa za ng'ombe katika duka moja karibu na stendi. Mama amelima sukuma nyuma ya nyumba ya kupanga. Baba yuko. Unamkumbuka Mwalimu Kigen? Yule aliyekuja siku ya wazazi akamsahihisha mwalimu mkuu Kiswahili mbele ya watu wote, nami nikataka ardhi inimeze?

Juzi mteja mmoja kutoka Bungoma alisema katika politekniki yao kuna mwalimu msichana mwenye mashine inayotengeneza vitu vya plastiki kimoja kimoja, kama ilivyochorwa kwenye kompyuta. Nikamuuliza jina. Nikasema, huyo si Nabwile wa Bokoli!

Basi ombi langu ni hili. Miwani ya baba imevunjika mguu wa kulia. Fundi wa hapa anasema miguu ya aina hiyo haipatikani tena. Bila miwani baba hasomi hata kichwa cha gazeti, na ofisi ya elimu imempa shule hapa mjini. Asiporipoti muhula wa tatu ukianza, watamfuta kazi. Nimekuchorea mguu wa kushoto kwa ukubwa wake kamili. Unaweza kututengenezea wa kulia?

Nisalimie mama yako, Rispah.

Wako,
Jepchirchir


Bungoma,
14 Mei 2009

Jep!

Nimesoma barua yako nikiwa karakana, nikacheka mpaka wanafunzi wakaacha kupiga randa.

Mguu ndio huo ndani ya bahasha, umefungwa kwa gazeti. Mashine iliachwa hapa na mwanafunzi mgeni aliyekuja kujitolea mwaka jana. Aliiunda kwa vyuma vyembamba, mikanda na mota ndogo, akanifundisha, akapanda ndege akaenda zake. Uzi mnene wa plastiki unaingia kwenye ncha ya moto, unayeyuka, halafu ncha inauchora chini kama mstari. Mstari ukipoa inachora mwingine juu yake, tabaka juu ya tabaka, kama kukhu, bibi yangu, alivyokuwa akizungusha udongo kuumba chungu. Seremala akimaliza kazi huacha takataka za kujaza gunia. Mimi nikimaliza, za kwangu hazijazi kiganja.

Na uzi wenyewe, sikia hii: umetengenezwa kutokana na mahindi! Huko ng'ambo wanachukua wanga wake wanaugeuza plastiki. Mwambie Mwalimu anavaa ugali usoni.

Shida ni kwamba uzi huo uliletwa kwa sanduku la mgeni na unakaribia kwisha. Hesbon, mkuu wetu wa karakana, anasema ukiisha chumba kitapewa darasa la ushonaji. Ananiuliza kila wiki, "Hii mashine yako imemsaidia nani?" Sasa nina jibu.

Wako,
Nabwile


Kitale,
30 Mei 2009

Nabwile,

Mguu umefika. Asante sana. Unafaa.

Kazi ni nyingi dukani.

Jepchirchir


Bungoma,
9 Juni 2009

Jep,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka mama akaniuliza kama tumekosana. Nikasema hapana, lakini sikulala na jibu hilo vizuri. Je, ni mambo ya mlima? Wewe Msabaoti, mimi Mbukusu, na watu wetu waliumizana mpakani pale. Sikutaka kuandika jambo hili, lakini nimeliandika, siwezi kulifuta sasa.

Nina habari njema pia. Nimemwambia Hesbon kuhusu miwani ya Mwalimu. Akasema tuje na mashine kwenye maonyesho ya kilimo huko Kitale, na Mwalimu asimame hapo na miwani yake, watu wamwone akisoma. Akifika, mashine inabaki. Hesbon ameahidi mbele ya walimu wote.

Atakuja, si ndiyo? Dakika chache tu. Nitamletea soda.

Nabwile


Kitale,
20 Juni 2009

Nabwile,

Si mambo ya mlima kati yangu na wewe. Ni mambo ya mlima, lakini si hivyo ulivyofikiri.

Baba hatakuja kwenye maonyesho. Mguu ulioutengeneza ni mzuri sana, unaingia kwenye miwani kama umezaliwa hapo. Lakini mguu wa miwani unashika sikio, Nabwile, na baba hana sikio la kulia. Walilikata.

Waliingia nyumbani Cheptais mwaka 2007, vijana wenye mapanga. Walisema Mwalimu amekuwa hasikii anapoambiwa, kwa hiyo sikio halimfai. Mimi na mama tulikuwa jikoni. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tangu tufike hapa anavaa boshori, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio, hata jua liwe la mchana. Miwani anaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na mpira unamkwaruza kwenye kovu, kichwa kinamuuma, anaivua. Yeye ndiye aliniambia niseme mguu umevunjika. Alisema, "Mwambie hivyo hivyo, watu wa mashine watatengeneza mguu, tutaona." Nadhani alitumaini kwamba mguu mpya ungejishikilia wenyewe. Alipouweka ukateleza, akaurudisha kwenye bahasha yako polepole, akasema, "Andika kwamba unafaa." Nikaandika.

Shule hajaripoti wala hataji. Mama akimuuliza anasema macho.

Nisamehe kuhusu mashine yako.

Jepchirchir


Bungoma,
27 Juni 2009

Dada yangu Jepchirchir,

Nimesoma barua yako nikaenda kusimama nje kidogo.

Maonyesho nimemwambia Hesbon hayatawezekana kwa mgonjwa wangu, na sikumwambia kwa nini. Alisema chumba kitachukuliwa mwisho wa Agosti. Sawa. Hiyo ni shida yangu, usiibebe wewe.

Nataka kumtengenezea Mwalimu sikio. Usicheke. Mpige picha sikio la kushoto, kutoka upande na kutoka nyuma, na karibu nalo uweke rula. Kwenye kompyuta naligeuza kama kwenye kioo, linakuwa la kulia. Kisha chukua waya laini, uukunje ufuate mfupa wake kuanzia paji la uso hadi kisogoni upande wa kulia, bila kugusa kovu, halafu uulaze kwenye karatasi uchore umbo lake. Mwombe ruhusa kwanza. Akikataa, usimlazimishe.

Uzi uliobaki unatosha jaribio moja zuri.

Nabwile


Kitale,
21 Julai 2009

Nabwile,

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie mwisho: baba amecheka.

Baba alikubali zile picha na mchoro wa waya niliokutumia, na sikio lilifika Jumamosi. Lilikuwa zuri mpaka likatutisha, na vikunjo vyote vya sikio lake, ila jeupe kama chumvi. Baba alilishika muda mrefu akiligeuzageuza. Mama akaona vidole vya watu wote wa matatu vimelipitia, akasema halivaliwi kabla ya kuoshwa. Akalitia kwenye bakuli, akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika, yale ya chai.

Bana, lilijikunja! Tulilitoa limekuwa kama sambusa. Mama akapiga mayowe, "Nimelipika! Nimepika sikio la watu!" Nikamtazama baba, nikiogopa. Akaliokota kwa uma, akalitazama, akamwambia mama, "Bilha, uliambiwa limetengenezwa kwa mahindi, ukafikiri ni chakula." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua boshori kujipangusa machozi, na hakukumbuka kulivaa tena mpaka jioni.

Sijasikia kicheko hicho tangu Cheptais. Naomba radhi kwa kazi yako iliyoharibika, lakini ningeweza kukulipa kwa kicheko hicho ningekulipa mara kumi.

Leo asubuhi aliniomba karatasi na kalamu. Alikaa dirishani ameshika miwani kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. Barua yake ndiyo hii nyingine. Aliifunga mwenyewe, sijaisoma.

Jepchirchir


Kitale,
21 Julai 2009

Binti yangu Nabwile,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nakukumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukimpa binti yangu nusu ya mkate wako.

Nakushukuru kwa sikio. Tafadhali usitengeneze lingine. Nitakueleza kwa nini, na ninaomba maneno haya yabaki kwako mpaka mimi mwenyewe niyaseme nyumbani.

Yule aliyeshika panga nilimfundisha kusoma. Alikuwa darasa langu la pili, kijana mwepesi wa herufi, aliyependa kufuta ubao. Usiku ule alinigeuza kichwa kwa upole, kama mtu anayenyoa mwenzake. Hilo ndilo linanizuia kwenda shule, wala si macho. Kila nikifikiria darasa lenye watoto arobaini waliokaa kimya wakinitazama, najiuliza ni yupi.

Nilipolishika sikio lako nilielewa kitu. Lilikuwa zuri kiasi kwamba ningeweza kutembea mjini na hakuna ambaye angejua. Na mimi ningejua. Ningekuwa mwalimu aliyevaa uongo kichwani, akiwafundisha watoto kusema kweli. Sikio langu lilikatwa. Sitaki kuonekana kama mtu ambaye halikukatwa. Nataka kusoma tu.

Kwa hiyo kama bado una moyo wa kunisaidia, nitengenezee kitu cha kushika miwani. Kiwe kishikio, kisijifanye sikio. Kifuate ule waya aliouchora Jepchirchir, kikae kwenye mfupa. Rangi yoyote. Na kama inawezekana, kisipikike.

Wako katika Bwana,
J. Kigen


Bungoma,
24 Agosti 2009

Mwalimu mpendwa,

Shikamoo. Maneno yako yako kwangu na hayajatoka.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Uzi wa mahindi ulikwisha na lile sikio. Kuagiza mwingine ng'ambo hatuwezi, na hata ningeweza, umeuona ukikutana na birika. Ikanibidi nitafute plastiki isiyoogopa maji ya moto. Nikatazama karakana nzima, kumbe ilikuwa mlangoni: ndoo ya kupigia deki, imepasuka, rangi ya samawati. Ndoo inatiwa maji ya moto kila siku na haijikunji. Tena ukiikunja haivunjiki upesi, inarudi. Hicho ndicho kishikio kinataka.

Nikaikata vipande vidogo, nikaviyeyusha kwenye mashine ya kusagia nyama niliyoizungushia koili ya jiko la umeme, madirisha yote wazi. Uzi ukatoka. Wa kwanza ulikuwa mnene hapa mwembamba pale, kama nyoka aliyemeza panya. Nilijifunza kuuvuta kwa mwendo mmoja, na kuuingiza kwenye beseni la maji baridi ukiwa bado moto.

Halafu ikaja shida nyingine. Plastiki ya ndoo ikipoa inajivuta, basi kila nilichochapa kilinyanyuka pembeni na kung'oka kabla hakijaisha. Nilijaribu gundi, nikajaribu mbao, nikajaribu kioo. Nilitaka kuacha. Siku moja nilikuwa nyumbani kwa mama, kule Bokoli, anakata kitunguu juu ya kibao cha plastiki, na nikakiona kile kibao, plastiki ile ile ya ndoo. Plastiki hii haishiki kitu kingine ila ndugu yake. Nilikichukua na vitunguu vyake. Nimekifunga kwenye meza ya mashine, na sasa inashika vizuri hata kubandua ni kazi ya kisu.

Kishikio ndicho hicho. Ni samawati kwa sababu ndoo ilikuwa samawati. Kinaingia kwenye mguu wa kulia wa miwani na kupita nyuma ya kichwa. Kikibana sana, kitie kwenye maji ya moto, ukivae kikiwa na joto la kuvumilika, kitajifunza kichwa chako kidogo. Hiki ukipika hakiharibiki.

Mimi ni Mbukusu, Mwalimu, na sikuwa mlimani wakati ule, na sijui la kukwambia juu ya yule kijana. Najua tu kwamba mwalimu anayeandika barua kama ile, mimi ningependa kukaa darasani mwake.

Binti yako,
Nabwile


Kitale,
12 Septemba 2009

Nabwile,

Ameenda!

Jumatatu aliamka, akanyoa ndevu, akavaa koti la Cheptais ambalo mama alikuwa amelifungia sandukuni. Tukiwa mezani alituambia habari za yule mwanafunzi wake. Alisema wewe unajua. Mama alishika meza kwa mikono miwili. Mimi nilitaka kuuliza jina, baba akatikisa kichwa. "Jina nalijua mimi. Inatosha." Kisha akatia miwani, kishikio kikakaa, akatoka bila boshori. Nilimfuata mbali mbali mpaka lango la shule kama mwizi.

Jioni nilimuuliza ilikuwaje. Aliingia darasa la pili, watoto wakasimama, wakamwimbia good morning. Wakakaa. Kimya. Ndipo msichana mmoja mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, sikio lako liko wapi?" Baba akajibu, "Lilikatwa na mtu aliyekasirika." Msichana akauliza, "Na hiyo ya bluu?" Akasema, "Hii ilitengenezwa na mtu ambaye hakukasirika. Fungueni vitabu."

Wakafungua, Nabwile. Hivyo tu.

Hesbon amesemaje? Chumba bado ni chako?

Jepchirchir


Kitale,
3 Oktoba 2009

Binti yangu Nabwile,

Kishikio hakinisumbui. Nimesoma nacho madaftari ya wiki nne na gazeti zima kila Jumapili, hata kurasa za matangazo ya vifo.

Leo naandika kwa ajili ya wengine. Mimi sikuwa peke yangu. Kule Cheptais na vijiji vya juu wako wanaume na wanawake waliofanyiwa kama mimi. Wengine ni wazee, wanahitaji miwani kama mimi. Wanakaa nyumbani. Kuna mama aitwaye Wilkista, mshonaji aliyetushonea sare za shule. Nimesikia cherehani yake imefunikwa kwa gunia tangu wakati ule.

Nimeandikia kanisa letu la zamani. Wametupa ukumbi Jumamosi ya tarehe 24, nami nitapanda. Sijarudi huko tangu tushuke. Bilha anasema yeye hayuko tayari, na namwelewa. Jepchirchir atabaki naye. Utakuja, wewe na nyaya zako? Najua namwomba msichana wa Kibukusu apande mlima huu. Ukikataa sitakulaumu hata kidogo.

Wako katika Bwana,
J. Kigen


Bungoma,
26 Oktoba 2009

Jep wangu,

Nimerudi jana, na nakuandikia kabla sijafua nguo, kwa sababu Mwalimu ataandika kwa kifupi na atakunyima mambo.

Kwanza mama yangu. Nilipomwambia naenda Cheptais aliingia ndani, nikafikiri amekasirika. Akatoka na chapati amezifunga kwenye kitambaa. "Za njiani. Na uwape na hao watu." Hesbon naye, nilipomweleza safari, mara hii kwa sababu zote, alivua kofia akaikunja mkononi. Akaniambia darasa la ushonaji, ambalo lilikuwa halijahamia bado, litakaa kwenye stoo, na chumba kinabaki changu. Kisha akauliza kama anaweza kuja kubeba mashine, maana ni nzito. Akaja! Alibeba mpaka ukumbini, anahema, ati mlima huu nani aliuweka hapa.

Mwalimu alitungoja mlangoni. Alikuwa ametembea peke yake kwanza mpaka nyumba yenu. Mabati yameondolewa lakini kuta zimesimama, na mtu fulani amepanda maharagwe uani. Alisema maharagwe ni mazuri. Sikumuuliza zaidi.

Mpaka saa nne hakuna aliyekuja. Tulikaa na chapati zetu. Kisha mzee mmoja akachungulia, akamwona Mwalimu na kile kitu cha samawati nyuma ya kichwa, akaingia, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Baadaye wawili wakaingia. Mwalimu alichukua Biblia ya kanisa, akaifungua popote, akaanza kusoma kwa sauti ile yake ya darasani, na wakamwangalia akisoma. Alipofunga, yule mzee alisogea kiti cha mbele, akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu, "Pima."

Nilipima mpaka vidole vikauma. Hesbon alishika waya, mimi nikachora. Umeme ulipotea mara mbili, tukangoja. Niliondoka na karatasi nyingi, na wawili wakaondoka na vishikio tayari, kwa sababu nilikuwa nimebeba uzi wa ndoo.

Wilkista alikuja mwisho, tukifunga vitu. Mama mnene, mrefu, leso imefunika kichwa mpaka kidevuni, na chini ya kwapa amebeba beseni la kufulia lililopasuka, jekundu la kuwaka. Nikamwonyesha uzi wangu, nikamwambia nina samawati tu kwa sasa, nitamtengenezea kesho yake Bungoma na kumtumia. Akaweka beseni juu ya meza yangu.

"Nimesikia unayeyusha plastiki," akasema. "Basi yeyusha hii."

Nikamwambia mama, hii rangi itaonekana mbali sana. Nilifikiri labda hajafikiria.

Akafungua leso, akaiweka begani, akageuza kichwa nipime.

"Si ndiyo," akasema. "Nikipita sokoni nataka watu waulize nani huyo. Waambiwe, ni Wilkista, fundi wa nguo, amefungua cherehani tena."

Wako,
Nabwile